Samaki Saba Wasio na Magamba

Abti,

Leo nimekusalimu mara mbili: asubuhi pale makaburini, na sasa hapa kwenye karatasi. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuiandika. Kimaay chetu kiko kinywani tu. Kila nikijaribu kukiandika naona kama nimemvisha mtu nguo za jirani. Halafu wewe mwenyewe ulikipenda Kiswahili changu cha shule. Ulikuwa ukikaa mlangoni, ukinitaka nisome kitabu kwa sauti, ukirudia maneno nyuma yangu, na kila p yako ikatoka b, kila v ikatoka f. "Bole bole, Abti," ulikuwa ukiniambia. "Mdomo wangu ni mzee."

Watu wa shirika la wakimbizi walishangaa kutusikia. Mimi nakuita Abti, mjomba, na wewe unaniita Abti vilevile, kama ilivyo desturi yetu. Walidhani tunataniana. Tangu ufe, hakuna mtu hapa kambini Dagahaley anayeniita hivyo. Wananiita Halima, mwalimu, dada. Majina yote mazuri. Lakini lile moja umeondoka nalo.

Nina jambo la kukiri, na nimelikwepa miezi minane.

Baada ya matanga, wanawake walikuja kunisaidia kusafisha nyumba. Mama Fardosa, jirani yetu, ndiye aliyekuwa akitoa vitu vyako nje kimoja kimoja. Koti, kikoi, kofia, viatu: hivi vya sadaka, hivi vya kuchoma. Nilikuwa nimekaa mkekani, sioni wala sisikii. Akainua kitu kidogo kikavu, kimekakamaa kwa rangi kama gamba la kidonda. Akauliza, "Na hii pia?" Nikasema, "Tupa." Sikugeuka hata kutazama.

Kilikuwa kipande chako cha wavu, Abti. Kile cha wavu wa dagaa wa baba yako, ulichovuka nacho mpakani ulipokimbia, kisha ukakifungia kadi ya chakula, kwa kuwa hukuwa na kitu kingine cha kuifungia. Nilikuja kujua siku ya tatu, nilipofungua mkebe wako wa maziwa nikakuta samaki saba wa mti, wamesuguliwa msasa, wamepakwa rangi ya fedha, macho yao ya shanga yamekwisha kutiwa. Saba, weupe, uchi. Hawana magamba. Nikautafuta wavu nyumba nzima ndipo nikamkumbuka Mama Fardosa na mkono wake ulioinuliwa. Nikakimbia hadi shimo la taka. Palikuwa na majivu tu, na mbuzi wawili wakichokora.

Mama Fardosa sijamwambia mpaka leo. Asije akakosa usingizi kwa kosa langu.

Wewe na wale samaki, Abti. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba ni ajabu mtu kuchonga samaki mahali pasipo na hata kidimbwi. Nilidhani kila mjomba anafanya hivyo. Wanawake wakirudi na kuni, wewe ulikuwa ukiomba ruhusa ya kupekua mzigo, ukipima vijiti mkononi, ukitafuta ule mwepesi. Wakikucheka, unacheka nao. Rangi uliomba mabaki kwa mafundi waliopaka milango ya shule, na kwa wasichana uliomba rangi ya kucha iliyoanza kukauka. Ukishamaliza samaki ulikuwa ukimning'iniza kwenye dari kwa uzi, na upepo ukiingia, wote wanageuka kuelekea upande mmoja. Ulisema hivyo ndivyo wanavyosimama katika mto Juba, vichwa vikielekea yanakotoka maji.

Kazi yangu ilikuwa macho. Kazi yako, ambayo hukumpa mtu, ilikuwa magamba. Ulimviringishia samaki kile kipande cha wavu, ukakivuta, ukakibana kwa miiba chini ya tumbo, kisha ukadonoa rangi juu yake kwa kijiti chenye sponji ya godoro. Halafu kungoja. Ukiuondoa wavu mapema, rangi inachuruzika. Ukichelewa, inabanduka nao. Ulikuwa ukiweka kidole karibu na rangi bila kuigusa, kama mtu anayesikiliza. Kisha unaufungua, na pale palipokuwa na mti pana samaki. Kila mara nilishika pumzi.

Niliwahi kukuuliza kwa nini ujisumbue hivyo, ilhali uliniambia mwenyewe kambare hana magamba. Ukanijibu, "Kambare hana. Anayeliwa na kambare anayo. Kila samaki na fazi lake."

Na niliwahi kukuuliza swali jingine. Nilikuwa darasa la saba, nimekuja na wenzangu nyumbani, nikataka wanione mjanja. Nikasema, "Na mto uko wapi, Abti? Utavua vumbi?" Wakaangua kicheko. Wewe pia ukacheka. Lakini kisu chako kilikaa kwenye ala yake siku nne, nami nilizihesabu zote nne, na sikujua namna ya kusema samahani. Nasema leo. Samahani, Abti.

Basi nikaamua wale saba hawatabaki uchi.

Nilianza na chandarua changu cha mbu, kile kikuukuu chenye matundu, nikakata pembe. Vijitundu vilikuwa vidogo mno. Rangi ikaungana yote, samaki akatoka kama aliyebabuka jua. Nikamsugua msasa upya. Nikaenda sokoni nikaomba mfuko wa vitunguu, ule mwekundu wa nyavunyavu. Matundu makubwa kupita kiasi: samaki wa kidole akawa na magamba matano ubavuni. Ungecheka mpaka kifua kikuume. Nikamsugua tena. Nikajaribu shela niliyoazima kwa bibi harusi mmoja wa mtaa wa pili, pembe tu, nikaapa sitaitia doa. Kitambaa kilikuwa laini mno, hakikubali kubana, kikakunjamana kwenye mapezi. Nikairudisha shela safi, Alhamdulillahi, na samaki nikamsugua kwa mara ya tatu. Kufikia hapo alikuwa amekonda.

Nilikaa wiki mbili bila kuugusa mkebe. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba wavu wa aina ile haukuwa mwingine duniani ila ule niliosema utupwe.

Halafu asubuhi moja nilikwenda kwa Mama Fardosa kuazima moto, nikamkuta anasugua sufuria kwa neti ya kuogea, zile za duara zinazouzwa madukani, kijani kibichi, imechakaa. Ilikuwa imefunguka, imekuwa kama soksi ndefu. Matundu yake yalikuwa kama vialmasi vidogo. Nikasimama pale na kigae changu cha makaa. Nikamwambia, "Mama, nipe hiyo." Akasema, "Hii chafu? Nitakupa mpya." Nikasema, "Hiyo hiyo." Akanitazama kama anayetaka kuniitia shehe wa kunisomea.

Nikaichemsha, nikaikausha, nikamvisha samaki yule aliyekonda. Abti, ilimkaa kama ngozi. Na nikagundua kitu ambacho sijui kama ulikijua. Neti ile inavutika. Ukiivuta kwa upana, matundu yanapanuka. Ukiivuta kwa urefu, yanajifunga, yanakuwa membamba. Kwa hiyo mgongoni niliitanua, mkiani nikaikaza, na nilipoifungua magamba yalikuwa makubwa nyuma ya kichwa na yanapungua, yanapungua, hadi mkiani yakawa kama mbegu za simsim. Kama samaki wa kweli. Wako wote walikuwa na magamba sawa kuanzia kichwani hadi mkiani, kwa sababu wavu wa baba yako haukuvutika.

Niligeuka kukuonyesha.

Hilo ndilo nililotaka kukuambia zaidi ya yote. Niligeuka, samaki mkononi, mdomo umeshafunguka, nikakuta mlango na jua.

Nikawamaliza wote saba.

Mwezi uliofuata nilipata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Garissa, kufanya usaili katika chuo cha ualimu. Nilimtia mmoja kwenye pochi, yule aliyekonda. Usaili ulikwisha kabla ya adhuhuri. Baada ya swala nikauliza njia, nikateremka hadi mtoni.

Sikuwa nimewahi kuuona mto. Wewe uliniambia ni maji yanayotembea, nami nilidhani nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Tana ina rangi ya chai ya maziwa, inapita bila kumtazama mtu, na ina harufu. Hukuniambia kuhusu harufu. Ni kama ya udongo baada ya mvua ya kwanza, ila haiishi. Nilisimama nikalia kidogo, kisha nikajifuta kwa ushungi kwa sababu kulikuwa na mtu.

Anaitwa Bwana Komora, Mpokomo, mvuvi, umri wake kama wako. Alikuwa anafunga ndoana kwenye mshipi. Nikamwamkia shikamoo, nikamwonyesha samaki. Akampokea kwa mikono miwili. Akampindua, akapitisha ukucha juu ya magamba. Akauliza, "Nani amechonga?" Nikasema, "Mjomba wangu." "Anavua wapi?" Nikamwambia hakuvua, alikuwa Dagahaley zaidi ya miaka thelathini, na sasa ni marehemu. Akasema, "Mungu amrehemu. Basi tumwone akiogelea."

Alinichagulia mahali penye fungu la mchanga, maji yametuama pembeni na tope limezama, panaonekana chini. Akaniambia nisipite magotini, kuna mamba. Akafunga mshipi, tukamtia samaki majini.

Abti, alilala ubavu.

Nitakuambia ukweli, kwa sababu ulinilea hivyo. Alielea ubavu, jicho moja mbinguni, kama maiti. Bwana Komora akavuta mshipi, samaki akazunguka, akalala ubavu wa pili. Akasema, "Dada, huyu amelewa." Nikataka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa nakufikiria wewe na miaka yote ile. Ulikumbuka macho, mapezi, rangi ya mgongo, upande wanaoelekea kwenye mkondo. Lakini uzito wa tumboni ulikuwa umekutoka akilini, na hukuwa na maji ya kukukumbusha.

Bwana Komora hakuona ajabu. Alitoa kipande cha risasi cha wavu wake, akachimba tumboni kwa ncha ya kisu, akakishindilia humo, akaziba kwa nta. Dakika chache. Akamrudisha majini.

Akasimama wima. Kisha Bwana Komora akavuta polepole, na samaki wako akaenda. Mkia wake ukapiga kushoto, ukapiga kulia. Jua likamgusa ubavuni na yale magamba yakawaka na kuzima, yakawaka na kuzima. Halafu kutoka chini ya ukingo akaja perege mdogo, wa urefu wa kidole, akamsogelea. Hakumshambulia wala hakumkimbia. Alikwenda naye bega kwa bega hadi mchangani, kama mtu aliyekutana na jamaa njiani akaona amsindikize.

Nilimwachia Bwana Komora yule samaki. Alitaka kunirudishia, nikasema hapana, kwetu hakuna mto. Akaniandikia namba yake, akanipa vipande sita vya risasi kwa ajili ya waliobaki. Nimekwisha kuwachimba wote. Nawajaribu kwenye beseni la kufulia, na majirani wanakuja kutazama, na hakuna anayecheka. Mama Fardosa huleta kigoda chake.

Juzi Bwana Komora alinitumia sauti kwenye simu. Leo asubuhi nilikuchezea sauti hiyo pale makaburini. Najua si desturi, nikapunguza sauti ili mwenye kusoma Yasini kaburi la pili asikereke. Kama hukusikia vizuri, anasema hivi: "Dada Halima, yule wa mjomba amemleta kambare wa mkono mzima. Wanangu wamekula, wakalala usingizi. Tumemwombea."

Watu unaowalisha huwajui, Abti, na wao hawakujui. Lakini wamekuombea.

Nilipita ule usaili. Naondoka Jumamosi. Nimekaa na habari hii kwa wiki nzima bila kuja kukuambia, kwa sababu nilijua nikikuambia itakuwa kweli. Nitaishi Garissa miaka miwili na zaidi, na wewe utabaki hapa chini ya miiba tuliyokuwekea fisi wasikusumbue. Mama Fardosa ameahidi kuipanga upya ikianguka, na kila Ijumaa atakuja. Mimi nitakuja likizo zote. Wale sita nakwenda nao.

Kuna siku nyingine naamka nikidhani nimesikia kisu chako kwenye mti. Nalala kimya nisije nikakikatiza. Sitaki kupona haraka.

Lala salama, mjomba wangu, baba yangu. Allaha kuu naxariisto. Mungu akurehemu, akupe mahali penye maji yanayopita.

Na nakupa ahadi moja, si kubwa. Pale mtoni nilisimama maji yakinifika magotini, nikiwa nimeshika mkono wa mgeni kwa woga, mimi, mtoto wa watu wa Juba. Sitaki iwe hivyo tena. Nitajifunza kuogelea, Abti. Mahali pasipo na mamba, usihofu.

Halima wako