Waya wa Fyuzi

Walukuba, Jinja

Mke wangu Hadija,

Assalamu alaikum. Mwili wangu ni mzima ila moyo unanienda mbio, na nitakueleza kwa nini. Ninyi mko vipi huko Mbale, hapo Namakwekwe? Kikohozi cha mtoto kimeisha? Na mama, mgongo bado unamsumbua?

Hadija, ile safari yenu ya kuja Jumamosi, tuisimamishe kwanza. Usikasirike kabla hujamaliza kusoma, nakujua.

Unakumbuka nilikuambia tajiri wangu ni mwanajeshi mstaafu, huku wote tunamwita Afande, na kwamba ametupa chumba cha nyuma ya duka tukae bure. Chumba ni kizuri, nimeshakipaka chokaa. Lakini mlango wake unatokea dukani, mwingine hakuna. Na dukani ndiko iliko kompyuta ya kuonyeshea sinema. Afande anataka kompyuta hiyo moja iendeshe skrini nne, na kila skrini inataka kadi yake ya picha mle ndani. Mbili zilikwenda vizuri. Sasa ziko nne, na zote zinakula stima kutoka kisanduku kimoja cha umeme, tena kikuukuu, feni yake inazunguka kwa kusitasita. Nilimwambia, "Afande, hiki hakitaweza, tutafute kikubwa." Akacheka. "Wewe fundi wa redio, kompyuta inakuogopesha!"

Fyuzi ya kisanduku ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo ikaungua, wateja wamejaa, wakaanza kupiga kelele. Afande akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Funga waya." Wallahi nilifunga, waya mahali pa fyuzi. Yule si mtu wa kubishiwa. Skrini zote zikawaka, watu wakapiga makofi, naye akanipigapiga begani kwa furaha.

Kazi ya fyuzi ni kukatika yenyewe stima ikizidi, ili kisanduku kisishike moto. Waya mnene wa shaba haukatiki ng'o. Tangu hapo kila saa nakigusa kwa mgongo wa mkono, vile unavyomgusa mtoto akiwa na homa. Leo asubuhi kimeniunguza. Plastiki inanuka, mpaka chai niliyokunywa nimeisikia ina harufu hiyo.

Na kuna jambo sikukuambia kabla, nilijua utakataa kuja. Afande akitoka hunifungia humu ndani kwa kufuli la nje, eti wezi wa Walukuba. Dirisha lina nondo. Hata sasa nimefungiwa, yeye amekwenda mjini kutafuta kadi ya tano. Ya tano, Hadija! Banange, naogopa, tena sana. Kila nikikiangalia chumba kile nawaona ninyi wawili mmelala, moshi unaanza kuingia, na kufuli liko nje.

Basi nimezima. Nimechomoa plagi, nikasubiri kisanduku kipoe, nikakifungua. Nimeutoa ule waya. Ndio huo humu kwenye bahasha, umeungua upande mmoja. Usiutupe.

Barua nampitishia jirani anayekaanga maandazi hapa nje, kupitia kwenye nondo, yeye atampa kondakta wa basi la Mbale.

Mpe mama salamu zangu na umkande mgongo kwa niaba yangu. Kaka yako wa Nakaloke mwambie akisikia penye kazi ya redio aniombee nafasi, mimi nitakuja hata kesho. Mtoto mbusu kisogoni, pale anapocheka.

Afande akirudi atakuta skrini zote nyeusi. Nimetafuta uongo wa kumpa, sikuupata. Akiniuliza waya uko wapi, nitamwambia uko Mbale, kwa mke wangu.

Mumeo anayekutaka karibu na asiyethubutu kukuita,
Swaleh