Chumvi Niliyokuficha

Baba Zuhura,

Eda imekwisha Ijumaa iliyopita. Hii ndiyo barua yangu ya kwanza kwako. Nilipokuwa nikienda darasa la watu wazima ulinitania, "Utaniandikia nini, na tunalala kitanda kimoja?" Sasa ninacho cha kuandika.

Kuna jambo nilikuficha. Unakumbuka tulipokwenda kliniki Kibaha, muuguzi akakuambia presha yako iko juu: upunguze chumvi, uache sigara, utembee kila siku, usilale na hasira. Siku tatu nilikupikia kisamvu bila chumvi. Ya tatu ukala matonge mawili, ukasukuma sahani. "Mama Zuhura, hiki chakula cha mgonjwa." Ukaenda kulala na njaa. Nilishindwa, mume wangu. Kesho yake nikarudisha chumvi, sikukuambia. Ukala mpaka ukalamba vidole. "Umeona? Ulimi umeshazoea!" Nikacheka nawe.

Miezi minane nilikudanganya. Kila ulipojisifu kwa watu kwamba umeacha chumvi, mimi nilitazama chini.

Halafu ukaanguka shambani, kwenye mikorosho, asubuhi tu. Walipokuleta nyumbani hukuwa tena na neno la kuniambia.

Nilijua nimekuua kwa mkono wangu. Sikumwambia mtu, hata mwanetu Zuhura. Mpaka mdogo wako, shemeji Omari, alipokuja kunijulia hali. Yeye barazani, mimi nyuma ya mlango, nikashindwa kujizuia, nikamweleza yote.

"Shemeji," akasema, "kaka alijua. Aliniambia, 'Mke wangu hana moyo wa kuniona na njaa. Na mimi sina moyo wa kumwambia kwamba sigara bado navuta, huku shambani.'"

Kumbe wewe nawe! Nililia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Laiti mmoja wetu angesema. Tungegombana siku moja, tungenuniana, halafu tungepunguza kidogo kidogo, pamoja.

Juzi nami nimepimwa. Ninayo presha. Muuguzi ni yule yule. Akaniuliza, "Mzee hajambo?" Nikamwambia nimetoka eda Ijumaa. Akanishika bega.

Sasa natia chumvi kidogo sana, nakamulia ndimu, naongeza kitunguu. Si vibaya, kweli ulimi unaanza kuzoea. Jioni natembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Uliniomba tutembee wote, nikasema nina kazi. Kazi gani? Sasa natembea nikikusemesha, wapita njia wanadhani nasoma dua. Lililo gumu si chumvi, Baba Zuhura. Ni kupakua sahani moja.

Omari naye wamemkuta na presha. Jana nilikwenda kwake, nikawakalisha yeye na mkewe, nikawaambia ukweli wetu, wangu na wako. Nisamehe kwa kutoa siri yako. Mkewe alimgeukia pale pale: "Na wewe unanificha nini?" Omari akatoa ugoro mfukoni. Nilitamani ungekuwepo uone uso wake.

Mungu akulaze pema. Nami nimekusamehe sigara zako. Nisamehe mkono wangu. Nina hamu nawe, hasa wakati wa kula. Lakini usinitarajie mapema. Nakuahidi, nitachelewa kuja.

Mkeo,
Mama Zuhura