Faili Nililoliacha Wazi

Kaka yangu,

Huku hatujambo. Paa la jikoni halivuji tena. Nililipanda mwenyewe na nyundo.

Jumatano asubuhi nilikuwa nasafisha jedwali la wagonjwa, yaani kuondoa kumbukumbu zisizohitajika, kwenye kompyuta kuu ya hospitali, kazi yangu ya kila mwezi. Mara kompyuta zote za mapokezi zikaganda, foleni ikafika getini. Mkuu wangu akaja mbio.

"Tuzime tuwashe?"

"Usiguse," nikamwambia. "Kuna mtu kafungua faili hajalihifadhi. Usafi wangu unamsubiri yeye, na wengine wote wanausubiri usafi."

Nikamsaka, nikamkuta ni mimi. Tangu saa mbili nilikuwa nimefungua faili la baba, penye nafasi ya ndugu wa kuidhinisha upasuaji. Mwezi mzima nimekungoja upige simu, maana wewe ndiye mkubwa. Nikaandika jina langu, nikahifadhi. Foleni ikasogea.

"Kumbe kitu kidogo," mkuu akasema.

"Kidogo tu," nikamjibu.

Baba anapasuliwa Jumatatu saa tatu. Nilimwambia nimesaini mimi, akasema sawa. Kisha akakuulizia. Chumba chako nimekifagia.

Mdogo wako,
Kitindamimba