Ujumbe wa Mize

Jumatatu, 11 Agosti
Mbuzi nimewafunga malishoni, uwanja nimefagia, mama nimemchemshia dawa yake. Saa nne ujumbe ukaingia kwenye simu nikiwa shambani. Nimeitwa kwenye usaili wa kuandika, Jumamosi, mjini Chake Chake. Nafasi ni ile ile moja, mtunza kumbukumbu wa wilaya. Mara ya nne naomba kazi serikalini, mara ya kwanza kuitwa.

Dakika mbili baadaye ukaingia ujumbe wa pili. Wa Mize, naye kaitwa. Simu yake ilikufa zamani, kwa hiyo tulipojaza fomu pale Konde tuliandika namba yangu kwenye zote mbili. Mize ni jirani yangu, tumesoma pamoja tangu chuo cha Kurani kwa baba yake, Maalim Faki. Kichwa chake si changu. Akikaa kwenye mtihani huu, mimi nimekwisha.

Alasiri kaja kuuliza. Nikamwambia wangu umefika, wake bado. Neno lilitoka lenyewe.

Jumatano, 13 Agosti
Kaja tena. Nikasema bado. Akarudi kwao na watoto wake wawili, mmoja mgongoni. Kaachwa mwaka jana, anakula kwa baba. Yote haya nayajua.

Ujumbe nimeufuta.

Jumamosi, 16 Agosti
Chake. Watu kama arubaini kwa nafasi moja. Msimamizi akasoma majina mlangoni. "Mize Faki Hamad." Akarudia mara tatu, akauliza nani anamjua. Nikaangalia viatu vyangu. Salma wa Konde, tuliyesoma naye cheti mimi na Mize, aligeuka akanitazama. Nikajifanya natafuta kalamu.

Swali la tatu: barua ya mtu mwengine ikifika mezani kwako, utafanya nini? Nimejaza ukurasa mzima. Nimeandika ifikishwe kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na asaini kwamba kaipokea. Najua nimepata alama zote hapo. Najichukia.

Jumapili, 17 Agosti
Mize kauliza mtihani ulikuwaje. Mgumu, nimesema. Kaniombea dua.

Jumanne, 26 Agosti
Nimepita. Tumebaki watatu kwa usaili wa ana kwa ana. Mize ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, mama hata kanga hajajifunga sawasawa. Akanikumbatia. "Mmoja wetu kaingia, Raya, ni kama tumeingia sote."

Alhamisi, 28 Agosti
Maalim Faki kaniandikia kombe. Aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha akaziosha kwa marashi ya waridi ninywe kabla ya usaili. Hataki kitu, anasema mimi ni mwanawe.

Mize ndiye aliyeileta, kaishika kwa mikono miwili. Alisimama akinitazama mpaka nikamaliza. Nilidhani mtoto wake anaumwa, nikaogopa kuuliza. Nimesema Bismillahi, nimekunywa. Koo halikuziba. Nilitegemea lizibe.

Jumamosi, 30 Agosti
Wasaili watatu mezani, maswali sita. Sikubabaika hata mara moja, hata jasho halikunitoka. Hii ndiyo aibu yenyewe, kwamba naweza.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimepata. Mama kalia kwa furaha. Mimi nimeingia chooni kuoga, nikakaa humo mpaka nikagongewa mlango.

Jumatatu, 15 Septemba
Nimetia saini barua ya ajira. Nakala ninayo sandukuni.

Jumanne, 16 Septemba
Nimemwambia Mize.

Alikuwa uani kwao anachambua karafuu kwenye jamvi. Nilisema yote, ujumbe, kuufuta, jina lilivyoitwa. Nikalia. Yeye hakulia, wala mikono haikusimama. Mwisho akasema, "Nshajua. Salma kanambia sokoni Konde, siku moja kabla ya lile kombe."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniletea.

"Baba hajui. Nami nkikungoja useme." Akakusanya vikonyo, akavitia pembeni. "Barua ushatia saini?"

Nikasema jana.

"Ndo maana umekuja leo."

Ni kweli. Nimerudi nyumbani nikapika muhogo, chumvi nimeitia mara mbili.

Jumatatu, 22 Septemba
Siku ya kwanza kazini. Nimeondoka saa kumi na mbili na nusu, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Nimepita kwa Maalim Faki, njia nyengine ya kutokea barabarani hakuna. Mize alikuwa ndani, nikimsikia anawanywesha watoto uji. Nikatoa salamu mlangoni. Kaitikia, tena yote, mpaka na barakatuh, maana salamu lazima ijibiwe. Hakutoka. Nikangoja kidogo, kisha nikaenda.