Mawe ya Mfuko wa Tatu

Nyakabanda, Kigali
Machi 1992

Shemeji Profesa Nzeyimana,

Mtaa mzima unajua ni mimi niliyekufundisha mawe. Haya, naongopa: nilikubebea mifuko tu, nikinung'unika njia nzima.

Dada yako mzima, bado ananikoromea. Anasema kitabu chako cha matabaka ya ziwa la kale kinakwenda kuchapwa. Ngoja kwanza! Kule Byumba tulikookota mawe yako, mfuko wa tatu ulinitumbukia mtoni. Nikaogopa mdomo wako, nikajaza mawe ya kando ya daraja. Ningerudi kukuokotea ya kweli, lakini sasa kule kuna vita. Hata wenyeji wamehama.

Ufute mfuko huo kitabuni, Wazungu wasikucheke. Ila jina langu, uliloahidi kuliandika mwanzoni mwa kitabu, tafadhali usilifute nalo.

Mchukuzi wako,
Sudi