Boti Haina Breki

Jumatatu, 3 Februari

Nimefungua duka, nimefagia vumbi la Kariakoo, nimemuuzia pazia bibi harusi asiyejua anataka rangi gani. Kati ya mteja na mteja nafunga fundo. Kamba nimeizungusha kwenye bomba la pazia. Naifunga, naifungua, naifunga tena. Ukiivuta, fundo linakaza. Ukilisukuma kwa kidole gumba, linalegea lenyewe. Kwa nini? Nimeliangalia mpaka mteja mmoja akauliza kamba mita shilingi ngapi.

Boti ni yetu sasa. Ina chumba chenye vitanda viwili, jiko dogo, na choo unachokipampu kwa mkono. Katuuzia Bwana Kirit wa Upanga, daktari wa meno mstaafu, mteja wangu tangu mwanetu Rehema yuko tumboni. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja anahamia kwa wanawe, nje. Mpaka hapo ananifundisha.

Mume wangu alidhani tutaajiri nahodha. Nilipomwambia nahodha ni mimi, alicheka. Halafu akaacha kucheka. Sharti lake: Kirit akipanda ndege kabla sijaweza kuitoa boti na kuirudisha mwenyewe, inakwenda kwa mtu wa Kigamboni anayetembeza watalii. Wameshazungumza.

Nina miaka hamsini na moja na sijaendesha hata gari. Boti hii siiachii.

Jumatano, 5 Februari

Somo la kwanza. Boti haina breki. Nilimuuliza Kirit mara mbili nikidhani ananitania. Ukitaka kusimama unaweka rivasi, unasubiri, unaomba Mungu.

Jambo jingine: inageukia nyuma. Ukikata usukani, omo, mbele yake, haiendi kokote; tezi, nyuma yake, ndiyo inayotupwa upande wa pili. Nimehangaika nayo mpaka nikakumbuka kuli anavyosukuma mkokoteni uliojaa majora pale kona ya duka letu. Anasogeza nyuma ili mbele iangalie anakotaka. Baada ya hapo ikaanza kunisikiliza.

Nimegonga gati. Kidogo tu. Kirit alifumba macho kama vile mimi ndiye ninayemng'oa jino.

Jumamosi, 8 Februari

Leo injini. Unafunua sakafu ya nyuma na hiyo hapo, ya kijani, imelala. Maji ya bahari yanaingia, yanaipoza, yanatoka na moshi. Yanasukumwa na kigurudumu cha mpira chenye mabawa, hakizidi sahani ya kikombe. Bawa likikatika, injini inachemka. Nimekitoa, nimekirudisha, nimekitoa tena. Kirit alikuwa anaangalia saa.

Nimeuliza kila bomba linakotoka na linakokwenda. Bomba moja hata yeye halijui. Nilifurahi sana.

Mikono inanuka dizeli. Nimemkatia mteja shifoni nyeupe nikiwa nimevaa mifuko ya nailoni.

Alhamisi, 13 Februari

Kazi niliyozaliwa nayo: nimeivalisha boti. Pazia ndogo madirishani. Kuta za nyuma, pale tunapokaa, nimezivika sponji na leza, ile ngozi ya bandia, ya rangi ya maziwa, nimezikaza kwa pini mpaka zikawa kama ngoma. Kulikuwa na matundu mawili ya wavu, moja kila upande, yanaingiza vumbi na kutoa harufu ya mafuta. Nimeyafunika. Vumbi nimepigana nalo maisha yangu yote, silikaribishi baharini. Nailoni za viti sijazitoa, kitu kipya kinatunzwa.

Baba Rehema alikuja kuona. Akapapasa leza. Akasema hapa sasa mtu anaweza kukaa. Ni neno zuri la kwanza alilolitoa kuhusu boti hii. Nimelala nalo.

Jumapili, 16 Februari

Aibu.

Tulikuwa watatu: mimi usukanini, Kirit pembeni, Baba Rehema kwenye leza yangu. Nikatoka gatini bila kugusa kitu. Nikajiona mtu. Kwenye mlango wa bandari nikaongeza mwendo, na hapo injini ikaanza kuishiwa nguvu. Moshi mweusi nyuma. Kivuko cha Kigamboni kinatujia na watu wake wote wamejaa ukingoni kutazama, na mimi nakanyagia bure, maana hata cha kukanyaga hakuna.

Kirit akafunua sakafu achungulie. Injini ikapata nguvu. Nikatupa usukani kulia, kivuko kikapita kikipiga honi, mtu mmoja akapiga kelele, "Mama, rudi jikoni!" Kirit akafunika sakafu. Injini ikaishiwa nguvu tena. Alisema ni chujio la dizeli. Tukarudi taratibu, mwendo wa mgonjwa.

Baba Rehema hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema tu, "Mama Rehema, bahari siyo duka," akashuka akapiga simu. Najua alimpigia nani. Nimemchukia mpaka magharibi.

Jumatatu, 17 Februari

Tumebadilisha chujio. La zamani lilikuwa safi. Tumewasha, tumeisukuma injini boti ikiwa imefungwa gatini: moshi uleule.

Kirit kachoka, ana masanduku ya kufunga. Kasema labda injini imezeeka tu. Sikubali. Ukifunua inapona, ukifunika inaumwa. Mzee haponi kwa kufunuliwa shuka.

Nimemuuzia mtu pazia fupi kuliko dirisha lake. Atarudi kesho na maneno.

Jumanne, 18 Februari

Nimepata!

Nilikwenda peke yangu kuchukua nailoni, nikijua boti inauzwa. Nikakaa. Nikaangalia leza yangu. Pale upande wa kulia ilikuwa imebonyea. Nikapitisha kidole: mistari, imepishana, imejichapa kwenye kitambaa. Upande wa kushoto vilevile. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote, najua kilichosukumwa na kilichovutwa. Hiki kilivutwa kutoka ndani. Mistari ile ni ya wavu.

Matundu yale ndiyo pua ya injini. Nimeiziba pua kwa mikono yangu, na sponji juu.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja. Halafu nikalia kidogo, leza ile ilikaa vizuri. Halafu nikatoa mkasi.

Jumatano, 19 Februari

Nimekata madirisha mawili kwenye leza na kuyapindia kingo kwa uzi mnene, kama tundu kubwa la kifungo. Nimewasha, nikaisukuma mpaka mwisho. Hakuna moshi.

Nimemwambia Baba Rehema ukweli wote, hata vumbi. Akauliza, "Kirit hakuyaona?" Nikasema na yeye alikuwa anasifia leza.

Alhamisi, 20 Februari

Nimeitoa. Nimevuka mlango wa bandari, nimezunguka, nimeirudisha. Kirit alikaa mikono mapajani, hakugusa kitu. Gatini nilisubiri, nikaweka rivasi, ikasimama penyewe. Akasema, "Mama Pazia, umehitimu." Macho yake yalikuwa yamelowa. Anaiacha boti yake, na nadhani jana hakulala.

Baba Rehema hakuja. Dukani kulikuwa na mzigo, ndivyo alivyosema.

Jumapili, 23 Februari

Kirit kaondoka juzi. Upanga tulipita asubuhi; madirisha yake hayana pazia.

Baba Rehema kabeba mwenyewe chupa ya chai na maandazi. Simu ya mtu wa Kigamboni iliita tukiwa njiani, akamwambia samahani ndugu yangu, haiuzwi. Hakuniangalia alipokuwa akisema.

Bahari ilikuwa shwari. Nilipita mbali na kivuko. Yeye alikaa kwenye leza, nailoni ikilia kila akijigeuza. Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo nilioushona.

"Hili la nini?"

Miaka yote ya ndoa yetu, mimi ndiye niliyekuwa nauliza. Nikamwambia injini inapumulia hapo. Akaweka kiganja. Akakiacha hapo mpaka tukafika.