Mpira wa Mzee Mkude

Jumatatu, 3 Machi
Nimepokea lindo saa kumi na mbili asubuhi kutoka kwa Mzee Mkude, mwenzangu wa zamu ya usiku. Ghala lilelile la mahindi hapa Mwembesongo, mvua ileile. Bunduki haina risasi, kitufe cha usalama kimefungwa. Nimeielekeza kwenye pipa la mchanga kama tulivyofundishwa, nikavuta kifyatulio. Haikutakiwa kulia. Ikalia. Tak. Mzee kacheka, eti imezeeka kama yeye. Mimi sikucheka.

Jumatano, 5 Machi
Leo imelia bila kidole. Nimegonga kitako sakafuni kidogo tu, kabla sijatia risasi. Tak. Kwenye kitabu cha lindo, hali ya silaha, nimeandika: Mbovu.

Msimamizi kaja na pikipiki yake saa nne, kasoma, kachana ukurasa. Kasema silaha ikirudishwa, lindo litabaki na mtu mmoja na rungu, na atakayeondoka ni mwenye umri mkubwa. Mzee amebakiza miezi minne astaafu, arudi kwao Mgeta akalime kabichi zake. Msimamizi anajua pa kunibana. Namchukia.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeandika: Nzima.

Jumamosi, 8 Machi
Mzee kapata dawa. Kakata kipande cha tyubu ya baiskeli, kakisokomeza nyuma ya kifyatulio. Sasa hakivutiki hata ukitumia nguvu. Kafurahi utadhani amejenga daraja.

Kwa kuwa hakivutiki, pipa la mchanga tumeliacha. Risasi hatutoi tena, tunakabidhiana nayo ikiwa ndani. Mpira upo. Nikiwa getini naona sawa kabisa. Nikikaa nyumbani kuandika, naona ni upumbavu.

Jumanne, 11 Machi
Naogopa kuigusa. Mama Zaina, muuza chai, anakaa mbele ya geti ametupa mgongo. Nimemwomba ahamie upande wa pili. Kaniuliza kosa lake nini. Kahama huku kanuna. Chai yangu haikuwa na sukari.

Ijumaa, 14 Machi
Imefyatuka.

Mchana msimamizi alikuja kukagua. Nilichomoa mpira asiuone, nikautia mfukoni. Akakaa sana, soga nyingi, simu nyingi. Alipoondoka nikafungulia malori. Saa kumi na mbili jioni nikamkabidhi Mzee, nikaandika: Nzima. Akaegemeza bunduki ukutani ili atie saini. Ikateleza.

Mlio siukumbuki. Nakumbuka kiatu chake. Tulipompakia kwenye gari nilitafuta leso mfukoni, nikashika mpira.

Jumatatu, 17 Machi
Hospitali. Wamemkata vidole vitatu vya mguu wa kulia.

Nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ule mpira ulianguka?"

Nikasema ndiyo.

"Basi kosa langu. Sikuukaza."

Nimetoka nje nikalia mpaka muuguzi akanipa kiti. Nimemdanganya mzee wa watu kitandani. Hakuna jina lingine la nilichofanya.

Jumapili, 23 Machi
Mwanawe kaja kumchukua, wamempandisha Mgeta. Sikwenda kumuaga. Nilisema nina zamu. Sikuwa nayo.

Jumatano, 2 Aprili
Ukungu umeshuka, Uluguru haionekani. Asubuhi msimamizi kaleta bunduki na karatasi yake: imekaguliwa, nzima. Ni ileile. Mkwaruzo wa msumari uko palepale kwenye kitako.

Kaondoka. Nikafunga kitufe cha usalama, nikaiweka kwenye pipa bila risasi, nikavuta.

Tak.

Nimeiacha hapohapo, mdomo ndani ya mchanga. Nimeandika: Mbovu. Chini yake nimeandika yote, tangu siku ya kwanza. Ukurasa uliochanwa, mpira, mfuko wangu, jina langu kamili. Nikayapiga picha maandishi hayo kwa simu, kisha nikampigia msimamizi nikamwambia bunduki siishiki. Katukana. Kasema anakuja.

Namsubiri kwenye kigoda cha Mzee. Mama Zaina kaniletea chai, kaniuliza kama anaweza kurudi mahali pake pa zamani. Nimemwambia bado.

Chai ina sukari. Jumapili napanda Mgeta kumwambia Mzee kwamba aliukaza vizuri.